Muuguzi wa Kuwarudisha Nyumbani

Katika hospitali yetu ya mkoa, kazi ambayo hakuna muuguzi aliyeigombania ilikuwa ya kuwasindikiza wanaokwenda kufia nyumbani. Wenye mimba walikataa, na hakuna aliyewalaumu. Wenye uchumba walikataa. Waliobaki walikuwa na visingizio vyao: mgongo, kizunguzungu, mtoto mwenye homa. Thoa hakuwa na mume wala mtoto, na mgongo wake ulikuwa mzima, kwa hiyo kazi ikamwangukia, na baada ya miaka michache watu wakasahau kwamba zamani ilikuwa ya zamu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Daktari akishawaambia jamaa kwamba mashine ya kupumulia haina tena inachosubiri, jamaa huomba mgonjwa wao arudi. Hakuna anayetaka mzazi wake akate roho nje, kwa sababu aliyefia nje haingizwi ndani tena. Jeneza lake hukaa uani chini ya turubai, na roho yake, wasemavyo wazee, huzunguka mlangoni kama mgeni asiyekaribishwa. Basi mgonjwa huondolewa kwenye mashine, mrija ukiwa bado kooni, na Thoa hupanda naye gari akibana mfuko wa hewa kwa mkono, bana, achia, bana, achia, hadi nyumbani. Pale kitandani pake, mbele ya madhabahu ya mababu, huutoa mrija. Kisha husimama pembeni, kichwa kimeinama, mpaka mambo yaishe.

Njiani jamaa humwita mgonjwa kila wafikapo darajani, roho isije ikapotea majini. "Baba, tunavuka daraja la soko! Baba, hili la shule!" Na nchi yetu hii ya mito na mifereji, ni madaraja matupu. Thoa aliwahi kuniambia kwamba siku nyingine, akiwa peke yake kwenye pikipiki na kapu lake la mboga, hufika darajani akajikuta amefungua mdomo.

Wapo waliokata roho kabla ya kufika. Thoa aliendelea kubana. Walipofika alisema, "Mzee amefika," akatoa mrija, akainamisha kichwa. Jamaa hawakumuuliza kitu, naye hakusema kitu. Wakati wa Tet, siku zile za mwanzo wa mwaka ambapo kila nyumba huchagua kwa uangalifu mtu wa kwanza kuvuka kizingiti chake, maana ndiye mleta bahati ya mwaka, hakuna aliyemwalika. Alikaa kwake akisikiliza watoto wa jirani wakigombania peremende.

Mimi nafundisha maadili ya kazi katika chuo cha uuguzi kilicho nyuma ya hospitali hiyo. Thoa aliletwa darasani kwangu pamoja na wauguzi wengine wazoefu, kwa mafunzo mafupi. Niliandika ubaoni yale tunayoyaandika kila mwaka: kwamba mgonjwa ana haki ya kujiamulia, kwamba atendewe mema, kwamba asidhuriwe, kwamba kidogo kilichopo kigawiwe kwa haki. Thoa akainua mkono.

"Mwalimu, hapo pa kwanza. Mgonjwa yupi? Maana wetu huja na ukoo mzima."

Darasa likacheka, nami nikacheka. Yeye hakucheka. Baadaye, tulipokuwa tukinywa chai kwenye kivuli cha jengo la kufulia, alinisimulia habari za Bibi Bay. Mengine niliyapata kwa Du, dereva wa gari la wagonjwa, ambaye hajui kusimulia jambo bila kuliongezea chumvi, hapo nimepunguza.

Bibi Bay alikuwa mkulima wa maua. Wote walimwita hivyo, yaani Saba, kwa nafasi yake ya kuzaliwa, hata wajukuu wake walipaswa kufikiri kidogo kabla ya kulikumbuka jina lake la shule. Maua yake ya manjano aliyapanda katika vikapu vya mianzi vilivyopangwa juu ya vichanja, maji yakipita chini, na wafanyakazi wakimwagilia kutoka kwenye mitumbwi midogo. Mwezi wa mwisho wa mwaka, vikapu vyote vikiwa vimejaa vitumba vya maua na wachuuzi wa mjini wameanza kupiga simu, moyo wake uliokuwa mchovu kwa muda mrefu ukashindwa, mapafu yakajaa maji, na juu ya maji ikaja nimonia. Akawekwa kwenye mashine. Siku zikapita. Daktari Khai akawaita watoto wake wawili, Phuoc na Cuc, akawaambia kwa upole kwamba haoni dalili ya mama yao kupumua mwenyewe tena.

Phuoc, mwana mkubwa, hakusubiri sentensi iishe. "Tunamchukua."

Haraka yake ilikuwa na sababu. Baba yao alifia katika hospitali ya jiji, miaka mingi nyuma, msimu wa mvua. Jeneza lilikaa uani siku zote za msiba, turubai likivuja, na Bibi Bay alikaa kando yake na mwavuli, hakuufunika mwili wake, alilifunika jeneza. Walipomaliza kuzika aliwaambia watoto wake, "Mimi msiniache nifie nje." Hakurudia tena, na hakukuwa na haja.

Gari liliishia barabarani. Bibi Bay akabebwa kwenye machela juu ya ubao mwembamba unaovuka mfereji, katikati ya vichanja vya maua, Thoa akitembea kiubavu na mfuko wake, bana, achia. Nyumba ilikuwa imejaa. Vitambaa vyeupe vya msiba vilikuwa vimekunjwa tayari juu ya meza. Wapiga tarumbeta na ngoma walikaa nje chini ya upenu, wanavuta sigara.

Thoa akatoa mrija.

Cuc akaanza kulia. Mashangazi wakapokea. Nje, mpiga ngoma aliposikia kilio, akaweka sigara chini akapiga pigo moja zito. Ndipo Bibi Bay alipokohoa. Kilikuwa kikohozi cha mtu aliyekerwa. Akatema, akavuta pumzi, akakaa kidogo, akavuta ya pili.

Kilio kikakatika.

"Nani kapiga ngoma?" akafoka mjomba mmoja.

"Mimi nimesikia watu wanalia!" mpiga ngoma akajitetea kutoka nje. "Sasa nikisikia kilio nipige nini, kinanda?"

Du alikuwa amesimama mlangoni na machela yake. Akamsogelea Thoa, akamnong'oneza, "Dada, naona huyu tumemfikisha kabla hajaitwa."

Thoa alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa bibi, akitazama midomo yake ikirudiwa na rangi. Alisubiri kama ilivyo desturi, kisha akasubiri zaidi ya desturi. Mashangazi wakaanza kuulizana kwa macho kama waendelee kusimama au wakae. Mwishowe Thoa akatoka upenuni akampigia simu Daktari Khai.

"Anapumua kweli?" Khai akauliza.

"Anapumua, Daktari. Na macho amefungua."

"Labda dawa zilikuwa bado zinafanya kazi, sisi tukakata tamaa mapema," daktari akasema. "Mrudishe. Lakini kitanda chake nimeshampa kijana wa ajali, sina tena mashine wala kitanda. Atakaa koridoni na mtungi wa oksijeni. Na siahidi kitu, Dada Thoa. Anaweza kupona akapata miaka yake, anaweza pia kutuishia njiani."

Phuoc alikuwa nyuma ya Thoa, amesikia yote.

"Njiani? Hapana."

"Kaka Phuoc, anasema nafasi ipo."

"Juzi huyo huyo alisema haipo. Leo ipo. Kesho atasemaje?"

"Basi tumuulize mwenyewe."

"Tumuulize nini?" Phuoc alishusha sauti. "Tumwambie tulimleta afe, kaburi limeshachimbwa, akakohoa, sasa achague? Mama akisikia hayo ndiyo atakufa. Sisi tumemwambia amepona, karuhusiwa kurudi. Cuc alimwambia sikioni kabla hujamtoa kwenye mashine. Usitubomolee."

Thoa akarudi ndani, akapiga magoti kando ya kitanda cha mbao. Phuoc alisimama juu yake, kivuli chake kikiwa begani mwa Thoa. Bibi Bay alikuwa akitazama moshi wa ubani, madhabahu, nyuso za watu.

"Bibi," akasema Thoa, "uko nyumbani kwako. Unataka kubaki hapa nyumbani?"

Bibi Bay akatikisa kichwa kukubali.

"Umeona?" akasema Phuoc, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Ndani ya gari, wakati wa kurudi, Du aliweza kunyamaza mpaka daraja la pili tu.

"Ungemuuliza mbuzi kama anataka kubaki zizini, naye angetikisa kichwa."

"Endesha, Du."

"Naendesha. Lakini nakushangaa. Wewe umewahi kubana mfuko kwa maiti toka daraja la soko mpaka mlangoni kwao, hukupepesa jicho. Leo uso umekujia kama wa mtu aliyeiba."

"Wale walikuwa wamekufa," akasema Thoa. "Maneno yangu hayakuwapunguzia kitu."

Siku zilizofuata hakulala vizuri. Aliporudia lile swali lake kichwani, alilisikia lilivyokuwa fupi. Lilikuwa sahihi kila neno. Hakuna mtu ambaye angeweza kumshika kwa uongo. Kwa desturi zetu hata lilikuwa limezidi, maana watoto ndio waamuzi, na mgonjwa ni mtu wa kulindwa na habari mbaya kama anavyolindwa na upepo. Thoa aliyaamini hayo maisha yake yote. Baba yake mwenyewe alikufa na uvimbe tumboni akiamini ni minyoo, na Thoa ndiye aliyekuwa akimpelekea dawa ya minyoo kila asubuhi, na yule mzee aliinywa kwa shukrani.

Siku yake ya mapumziko ilipofika, akapanda pikipiki.

Phuoc alimwona kutoka mbali, akaja kumpokea kwenye ule ubao wa mfereji, akasimama katikati yake. Haukuwa na upana wa kupishana watu wawili.

"Chai utakunywa, Dada Thoa. Maneno utayaacha huku."

"Miguu yake imevimba?"

"Kidogo."

"Analala chali?"

Phuoc akatazama maji. "Analala amekaa. Anasema kifua kinambana akilala."

"Maji yanarudi kwenye mapafu, kaka. Hayatangoja Tet iishe."

"Unadhani sijui?" Sauti yake ilikwaruza. "Mimi ndiye ninayemshika mgongo. Lakini nilimwona na ule mwavuli. Ulikuwepo? Mimi nilikuwepo. Nilimwahidi. Wewe ulimwahidi nini?"

Labda wangesimama pale mpaka mmoja achoke. Lakini kutoka upenuni sauti ikaita, nyembamba, yenye kukatikakatika, na bado ya kuamrisha.

"Nani huyo mnayemficha darajani? Mleteni, asije akatumbukia, mtaniharibia maua."

Bibi Bay alikuwa kwenye bembea ya wavu, mito mitatu mgongoni, anatafuna tambuu. Miguu yake, iliyokuwa ikining'inia, ilikuwa imejaa hadi ngozi inang'aa. Cuc alikuwa kando yake na bakuli la uji wa mchele.

"Wewe ndiye uliyenitoa mpira kooni," akasema.

"Ndiye mimi, Bibi."

"Nakujua kwa mkono. Wa baridi kama wa samaki. Kaa." Akatafuna, akapumua, akatafuna tena. "Tangu nirudi, watu wanakuja kuniamkia wamenyoosha nyuso kama wanakwenda kuchanjwa. Huyu binti yangu analia akikata kitunguu, na kitunguu hakuna. Jeneza langu, nililolinunua mwenyewe likakaa ghalani miaka, nimelikuta limefutwa vumbi. Nimepona, au sikupona?"

"Umepona, Mama," akasema Phuoc.

"Sikukuuliza wewe. Wewe tangu mdogo huwezi kudanganya bila kujikuna shingo."

Phuoc akashusha mkono wake.

Thoa aliniambia kwamba wakati ule alitamani Bibi Bay aulize kitu kingine, chochote. Kisha akamwambia. Akamwambia kwamba daktari alidhani amefika mwisho, akaletwa afie kwake kama alivyotaka. Kwamba alipumua. Kwamba siku ileile daktari alisema akirudishwa huenda akapona, na huenda akafia njiani.

"Nilikuuliza kama unataka kubaki," akasema Thoa. "Hayo mengine sikukuambia."

Cuc aliweka bakuli chini. Bibi Bay akatema tambuu kwenye kopo, akafuta midomo pole pole kwa kitambaa.

"Na leo?"

"Leo nafasi imepungua. Kwa kiasi gani, sijui."

"Kumbe." Alitazama vichanja vyake, mtu mmoja akimwagilia kwa mbali. "Kwa hiyo siku zote hizi nimekaa hapa nagombana na watu juu ya mbolea, na kumbe nilikuwa nachagua."

Phuoc akaisogelea bembea.

"Mama," akaanza Phuoc, amepiga magoti sasa, "ulisema mwenyewe. Usifie nje."

"Nilisema nisifie nje. Sikusema nife mapema ili nisifie nje." Akamwekea mkono kichwani, mkono wenye madoa ya tambuu, akaukalisha hapo. "Umefanya vizuri, mwanangu. Umefanya kama mtoto. Sasa mwite yule mwenye gari."

Du alipofika aliinama hadi usawa wa bembea. "Bibi, wewe ni abiria wangu wa kwanza kukata tiketi ya kurudi."

"Basi endesha kama mtu anayetaka nauli," akasema Bibi Bay.

Walipokaribia daraja la kwanza, Phuoc, kwa mazoea tu, akafungua mdomo. "Mama, tuna—"

"Naliona. Nyamaza."

Akanyamaza, mkono wa mama yake mkononi mwake, na madaraja yote mengine yakapita bila kuitwa. Thoa alisema safari hiyo ilimtisha kuliko zote alizowahi kwenda na wasiosikia.

Alifika hai. Koridoni palikuwa na kitanda kimoja kwa watu wawili, na Bibi Bay akalazwa kichwa chake kikiwa miguuni pa mwanamke mwuza tambi mwenye figo mbovu. Kabla ya jioni walishajuana hadi majina ya wakwe. Kila asubuhi Daktari Khai alipopita, Bibi alimuuliza, "Leo ukweli ukoje?" Mwanzoni daktari alimtazama Phuoc kwanza, kama tulivyozoea. Bibi akampiga kofi dogo la mkono. "Mimi niko huku." Basi akajifunza kumjibu yeye. Leo afadhali. Leo afadhali zaidi, uvimbe umeshuka. Leo, Bibi, figo zinachoka.

Katika siku hizo alitoa amri nyingi. Maua yauzwe mapema, kabla bei haijaanguka mkesha wa Tet. Kipande cha shamba kilicho karibu na barabara kiwe cha Cuc, na kisemwe wazi mbele ya wajomba. Dada yake, ambaye hawakusemezana tangu ugomvi wa bata, aitwe. Akaitwa, akaja, wakagombana upya kuhusu bata walewale, wakalia.

Figo zilipochoka zaidi, Daktari Khai alimwambia kwamba kama anataka kufika nyumbani, huu ndio wakati. Bibi Bay akafikiri. Dawa mpya alikuwa ameanza juzi yake tu.

"Tungoje kesho," akasema. "Tuione hiyo dawa."

Alfajiri, wafagiaji wakiwa wanasogeza vitanda kupitisha maji, mwuza tambi akahisi miguu iliyokuwa kando ya shavu lake imekuwa mizito. Akaita.

Thoa alikwenda msibani. Jeneza lilikuwa uani, chini ya turubai jipya, na pande zote maua ya manjano ambayo, licha ya amri yake, hayakuwahi kuuzwa, yamefunguka yote kwa pamoja. Mvua haikunyesha. Phuoc, kitambaa cheupe kichwani, alimkabidhi kikombe cha chai kwa mikono miwili kama mgeni yeyote.

"Hayumo ndani," akasema.

"Najua, kaka."

"Ungenyamaza, angekuwemo."

Thoa akanywa chai yake yote, kwa kuwa kuiacha kungekuwa tusi. Angeweza kusema kwamba kama angesema mapema zaidi, siku ileile ya kikohozi, huenda kusingekuwa na jeneza. Angeweza kusema pia kwamba "kesho" alilitamka Bibi Bay mwenyewe. Lakini mtu haendi kwenye msiba wa watu kujitetea. Alipoondoka, Cuc alimfuata hadi kwenye ubao wa mfereji, akamshika mkono, akarudi.

Nimewauliza wanafunzi wangu, bila kutaja majina, kama muuguzi huyo alitenda sawa. Hugawanyika kila mwaka. Wenye wazazi wagonjwa nyumbani mara nyingi hutazama madaftari. Mimi mwenyewe nasimamia somo hilo nikiwa na chaki mkononi na sijui.

Baada ya msiba ule Thoa akaanza jambo ambalo hakuagizwa na mtu. Kabla ya kumtoa mgonjwa wodini alimwinamia sikioni, hata kama hana fahamu, akamwambia anapelekwa wapi na kwa nini. Jamaa wakachukia. Mwana mmoja alikwenda kwa wakubwa akasema kwamba muuguzi amemsimamia baba yake kama hakimu anayesoma hukumu, na machozi yakamtoka mzee ambaye walidhani hasikii. Wakubwa wakamwita Thoa. Walimsikiliza kwa heshima. Wakamhamishia chumba cha kuchemshia vyombo, ambako mikasi na koleo hazina jamaa. Du sasa husafiri na kijana mmoja aliyemaliza chuo kwangu, ambaye, anasema Du, hubana mfuko kama anayejaza baiskeli upepo.

Ningemaliza hapo, lakini mwaka uliofuata, Tet ikiwa karibu tena, Phuoc alikuja katika chumba hicho cha mvuke. Nilikuwepo, nilikuwa nimemletea Thoa machungwa. Alikuwa amekonda, na kola ya shati ilimzunguka shingo bila kuigusa.

"Dada Thoa."

"Kaka Phuoc. Nani anaumwa?"

"Mimi. Kifua." Akakohoa, akageuza uso kwa adabu. "Wamepiga picha, wamekata kipande wakapeleka kupimwa. Majibu yametoka leo."

"Na daktari yuko wapi?"

"Yuko na Cuc, chumba cha tatu hapo. Nimesema aingie yeye."

Thoa akazima jiko, akafuta mikono kwenye aproni. "Na wewe?"

"Mimi sitaki kujua. Mama alitaka. Mimi siyo Mama." Alimtazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu msibani, nadhani. "Nimekuja kukuambia mapema, kwa sababu nakujua. Usije ukaniinamia sikioni. Hata wakikuambia. Hata ukiona mwenyewe."

Mvuke ulikuwa unashuka ukutani kwa michirizi. Nilimwona Thoa akitaka kusema, akiacha, akitaka tena.

"Umemwambia daktari hivyo kwa mdomo wako?"

"Kwa mdomo wangu."

"Hakuna aliyekushauri?"

"Nani anishauri? Watoto wangu wako Saigon wanashona viatu, hawajui hata kama nakohoa."

"Ukibadili mawazo?"

"Nitakuuliza."

"Mpaka uniulize, basi."

Phuoc akavuta ndoo iliyopinduliwa, akaikalia, mgongo ameuelekeza mlangoni. "Una chai?" akauliza.

Ilikuwepo kwenye chupa. Hatua zilisikika koridoni, zikaja, zikasimama. Mimi niliinua macho nikamwona Cuc pale kizingitini na bahasha kifuani, na uso wake nikausoma wote kabla sijaweza kujizuia. Thoa hakuinua macho. Alishikilia kikombe kwa mkono mmoja na chupa kwa mwingine, akamimina polepole, akiitazama chai tu.